Muuguzi Aliyeniambia Hajui

Mamangu ana kovu la duara karibu na bega la kushoto, kubwa kama kifungo cha shati, alilolipata utotoni alipochanjwa ndui. Mimi nina langu, dogo zaidi, kwenye kigasha cha mkono huohuo, la chanjo ya kifua kikuu ambayo watoto wa Kenya hupewa wangali wachanga. Makovu haya mawili tumeishi nayo nyumbani kwetu Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, bila kuyajadili. Hakuna aliyewahi kuuliza chanjo zile zilitengenezwa wapi, zilijaribiwa kwa nani au zilichukua miaka mingapi kukamilika, na huenda nisingeuliza hadi leo kama Machi 2021 nisingewekewa mezani, katika ofisi ya walimu, karatasi ya chanjo ya korona yenye safu tatu: jina, ndiyo, hapana.

Nafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Mombasa. Walimu tulikuwa miongoni mwa waliotangulizwa pamoja na wahudumu wa afya na askari, na wiki chache baadaye wakaongezwa waliotimiza miaka 58. Shehena ya kwanza, dozi 1,020,000 za AstraZeneca zilizotengenezwa India na Serum Institute na kuletwa kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kuzigawia nchi chanjo, ilikuwa imetua Nairobi Machi 3, na siku mbili baadaye watu wakaanza kuchanjwa. Kwa miaka 15 nimewafundisha watoto wa watu somo la uwezekano, lile la kurusha sarafu na kuchomoa mipira mfukoni bila kutazama, nikiwahimiza waamue kwa hesabu na si kwa hofu. Siku ile nilisimama na kalamu mkononi nikashindwa kutia alama hata moja. Niliwaachia wenzangu karatasi, nikaenda darasani.

Nataka kueleza wasiwasi wangu ulivyokuwa, kwa sababu baadaye watu wenye shahada walizoea kuwaita wenye wasiwasi wajinga, na sidhani kwamba nilikuwa mjinga.

La kwanza lilikuwa kasi. Majaribio ya chanjo hii kwa binadamu yalianza Oxford mwishoni mwa Aprili 2020, na Desemba 30 mwaka huohuo Uingereza ikatoa idhini itumike. Miezi minane, nyumba ya ghorofa moja hapa mtaani huchukua zaidi. Nilipotafuta maelezo nikajua kwamba kazi yenyewe ilikuwa imeanza zamani. Chombo kinachobeba chanjo ile ni kirusi cha mafua cha sokwe kilichokatwa uwezo wa kuzaana, na wataalamu wa Oxford walikuwa wameshakitumia katika majaribio ya chanjo ya MERS, ugonjwa wa jamii ya korona unaohusishwa na ngamia. Ilipozuka korona mpya walibadilisha mzigo tu, chombo kikabaki kilekile. Fedha nazo, ambazo kwa kawaida huombwa kwa miaka, zilipatikana mara moja, na wagonjwa walikuwa tele kila mahali, kwa hiyo haikuhitajika kungoja muda mrefu ili ionekane nani aliyechanjwa anaugua na nani haugui. Maelezo haya yalinituliza kiasi. Hata hivyo, muda ni kitu kimoja kisichonunulika: hakuna fedha inayoweza kumwonyesha mtu mwaka wa kumi wa chanjo yenye umri wa mwaka mmoja.

La pili lilitoka Ulaya. Machi 11 Denmark ilisitisha AstraZeneca baada ya watu wachache kuganda damu, na Machi 15 Ujerumani, Ufaransa na Italia zikafuata. Siku tatu baadaye mamlaka ya dawa ya Ulaya ikasema faida yake bado inazidi hatari, na nchi nyingi zikaendelea. Lakini kwa sisi tuliokuwa tukisikiliza taarifa ya habari huku tukingoja foleni yetu, ilikuwa kama kumwona mwenye duka akikitema chakula anachotuuzia, kisha akifuta mdomo na kusema ni kizuri.

La tatu ni la hapa kwetu, na ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Mei 6, 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale kwa siku 15, sawa na Eastleigh kule Nairobi, na siku hizo zilipokwisha zikaongezwa. Ilikuwa Ramadhani. Idd tuliisali majumbani, na mwisho wa barabara pamewekwa vizuizi na askari. Sisemi kwamba maradhi hayakuwapo. Yalikuwapo, na watu walikufa. Lakini wengi walikuwa wamekwepa kupimwa kwa kuogopa kuchukuliwa na kuwekwa karantini mbali na jamaa zao, na wakati ule ilikuwa imeshajulikana kwamba baadhi ya waliowekwa karantini walidaiwa malipo. Mtu aliyekuja mlangoni mwako na askari mwaka jana, mwaka huu akija na sindano, utamtazama mikono kwanza.

Tena hatukuwa tumesahau Aprili 2020, daktari mmoja na mtafiti mmoja walipozungumza katika televisheni ya Ufaransa juu ya kufanyia majaribio Afrika, wakati watu hawana barakoa wala vifaa vya tiba, hadi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akayakemea maneno yale hadharani na kuyaita ya kibaguzi. Na wenye kumbukumbu ndefu walitaja pia mzozo wa 2014, maaskofu wa Kikatoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda kwa wanawake ilitiwa kitu cha kuzuia uzazi, nayo serikali ikakanusha. Mzozo ule ulizimika bila kumridhisha kila mtu, na yasiyoisha vizuri hurudi.

Barazani, baada ya swala ya alasiri, mambo haya yote yalichanganywa na mengine ya WhatsApp: ati ukichanjwa sumaku inakunasa mkono, ati baada ya miaka miwili hupo. Hayo sikuyaogopa. Nililoliogopa, na hili lilinishangaza mwenyewe, ni tamko la upande wa pili. Kila afisa aliyeshika kipaza sauti alisema chanjo ni “salama kabisa”. Mwalimu wa hisabati hana namna ya kulimeza neno “kabisa”. Mwanafunzi akiniandikia kwamba uwezekano wa jambo kutotokea ni moja kamili, namuuliza amejuaje. Mwenye sauti ya WhatsApp alikuwa na yakini kwamba nitakufa, afisa alikuwa na yakini kwamba sitapatwa na lolote, na wote wawili walizungumza kwa lafudhi moja.

Mdogo wangu wa kiume ni dereva wa lori la makontena, hutoka bandarini hadi Kampala. Mwaka 2020 madereva wa masafa marefu walitakiwa kuwa na cheti kipya cha korona kila baada ya siku 14, na foleni za Malaba, mpakani na Uganda, zikafika kilomita nyingi, watu wakilala chini ya magari kwa siku kadhaa. Nilipomuuliza juu ya chanjo alinijibu, “Dada, mimi nimetiwa vijiti puani mpaka nimekuwa kama kibuyu. Mwili huu serikali imeshaufaidi vya kutosha.” Nikamwacha.

Mtu aliyenisogeza mbele kidogo alikuwa binti wa mama mdogo, muuguzi anayefanya kazi Kilifi. Mwishoni mwa Oktoba 2020, kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome Trust ya Uingereza kilianza kuijaribu chanjo hiihii ya Oxford kwa wafanyakazi walio mstari wa mbele, watu wazima 400 waliojitolea, na binti huyu alikuwa mmojawapo. Yaani wakati tunabishana barazani kama Wazungu watatufanyia majaribio, majaribio yalikuwa yakiendelea mwendo wa saa moja na nusu kutoka nyumbani kwetu, na damu ya ukoo wetu imo. Nilimpigia simu nikiwa na hasira kidogo kwamba hakutuambia.

“Ningewaambia nini?” alisema. “Sijui hata nilichodungwa.”

Ndivyo ulivyopangwa utafiti wenyewe. Nusu ya waliojitolea walipewa chanjo ya korona, nusu wakapewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo ilikwisha kuidhinishwa zamani, na mshiriki hakuambiwa yumo katika kundi lipi, ili asiache tahadhari kwa kudhani amekingwa na ili madhara ya makundi mawili yaweze kulinganishwa. Alipewa karatasi zenye kurasa nyingi, akaelezwa, akaulizwa kama ameelewa, akaulizwa tena kwa njia nyingine, na akaambiwa kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu. Nilimuuliza kama hakujihisi panya wa maabara. Akasema panya haulizwi. Akasema pia kwamba wodini alikuwa amewaona watu wakikosa pumzi, kwa hiyo kwake yeye swali halikuwa kama dawa ile ni mpya. Ugonjwa nao ulikuwa mpya, na huo haukumwomba mtu saini.

Nikarudi kwenye kazi ninayoijua. Aprili 7, mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa takwimu: katika dozi zaidi ya milioni 20, walikuwa wamepatikana watu 79 walioganda damu kwa namna ile ya ajabu, ambayo damu inaganda mahali pasipo pake ilhali chembe za kugandisha zimepungua, na 19 kati yao walikufa. Vijana chini ya miaka 30 waliambiwa wapewe chanjo nyingine ikiwezekana. Nilichukua daftari la mwanafunzi mmoja lililokuwa limebaki kwangu, nikaandika nyuma yake. Sensa ya 2019 iliihesabu kaunti ya Mombasa kuwa na watu 1,208,333. Kila mmoja akidungwa dozi moja, kuanzia Likoni hadi Mtopanga, kwa takwimu zile tungetazamia wagonjwa wapatao watano, na katika hao labda mmoja angekufa. Mmoja. Nilikaa na hesabu ile usiku huo. Si sifuri, na huyo mmoja angekuwa na mama yake na jina lake. Aliyesema “kabisa” alikuwa amemfuta kwenye hesabu. Lakini upande wa pili wa mizani sikuhitaji takwimu ya London. Tangu Machi kuanza nilikuwa nimesikia majina ya watu wazima wa mtaa wetu yakitangazwa mmoja baada ya mwingine, na janaza zikielekea Kikowani, na mamangu mwenye miaka 67 alikuwa na sukari kwa mwaka wa kumi na mbili.

Mama mwenyewe alikuwa na swali moja tu, nalo halikuwa la damu. Ramadhani ilikuwa inaingia katikati ya Aprili na alitaka kujua kama sindano inabatilisha saumu. Wanazuoni wengi walikuwa wameshasema haibatilishi, kwa kuwa haiingii kwa njia ya chakula wala hailishi mwili, lakini yeye alisema kwa usalama wa moyo wake tutangulie kabla ya mwezi kuandama. Ndipo nikatambua kwamba yeye ameshaamua siku nyingi, anayesubiriwa ni mimi. Alinikumbusha habari ya Merca.

Habari hiyo watu wa pwani ya umri wake wanaijua kwa vipande, nami nikaitafuta yote. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida ya maambukizi alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, pwani hiihii yetu ya Bahari ya Hindi, kusini ya Mogadishu, Oktoba 1977. Alikaa garini kwa muda mfupi tu akiwaelekeza njia wagonjwa wa ndui waliokuwa wakipelekwa kutengwa, akaambukizwa. Kilichonishika ni kwamba aliwahi kufanya kazi na watu wa kuchanja, na chanjo yenyewe alikuwa ameikwepa, kwa maelezo yake mwenyewe, kwa kuwa sindano ilionekana inauma. Alipona, na miaka mingi baadaye akazunguka Somalia akiwasihi wazazi wawachanje watoto polio, akiwasimulia kosa lake. Mama hakunisimulia ili kunitisha. Alisema tu, “Naye alikuwa hospitalini humohumo, mwanangu. Kuwa karibu na dawa si kuwa na dawa.”

Tulikwenda siku chache kabla ya mwezi kuandama, asubuhi, katika kituo cha afya kisicho mbali na kwetu. Walikuwapo watu wanane kwenye benchi. Kichupa kimoja cha AstraZeneca kina dozi kumi, na kikishafunguliwa ni lazima kitumike ndani ya saa sita, la sivyo kinamwagwa. Kwa hiyo muuguzi alikataa kukifungua hadi tufike kumi, akasema dozi zenyewe zimehesabiwa. Sisi tulikuwa wa tisa na wa kumi, lakini mzee mmoja akaghairi akaondoka zake, tukabaki tisa, tukingoja. Nusu saa ile ya kungoja mtu wa kumi ndiyo iliyonipa nafasi ya kuuliza, kwa sababu muuguzi hakuwa na la kufanya.

Nilimuuliza kinga yake itadumu muda gani. “Sijui, mwalimu. Bado haijajulikana.”

Nikamuuliza kama baada ya miaka kumi kunaweza kutokea jambo.

“Hilo pia sijui. Wanasema chanjo nyingi madhara yake huonekana ndani ya wiki chache, lakini hii haijatimiza miaka kumi, kwa hiyo nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Ninalolijua ni hili.” Akaanza kuhesabu kwa vidole. Yeye mwenyewe alichanjwa wiki tatu zilizopita, akaumwa na kichwa na viungo siku mbili. Mimi huenda nikapata homa usiku wa leo, na haina neno. Lakini kuanzia siku ya nne hadi wiki nne nikiumwa kichwa kisichosikia dawa, au mguu mmoja ukavimba, au kifua kikabana, au nikaona vidoa vyekundu kwenye ngozi mbali na palipodungwa, nisikae nyumbani kungoja kipite, nije mara moja na kadi yangu. Akamgeukia mama. “Na wewe mama, sukari yako isikuzuie. Sukari ndiyo hasa sababu ya kukuleta hapa.”

Tangu Machi nilikuwa nimewasikiliza mawaziri, mashekhe, mapadri, madaktari wa televisheni na vijana wa barazani. Huyu alikuwa wa kwanza kuniambia mpaka wa ujuzi wake uko wapi, na alipouonyesha mpaka ule nikayaamini yote yaliyokuwa upande wa ndani. Sidhani kwamba alijua amenifanyia jambo lolote. Mtu wa kumi akaingia, kijana wa bodaboda aliyekuwa amekuja kumchukua mamake, akashawishiwa na benchi zima kwa pamoja hadi akakunja mkono wa shati. Kichupa kikafunguliwa.

Usiku ule nilitetemeka kwa homa. Mama alilalamika mkono tu, na kwa muda wa wiki nzima alinikumbusha kwamba mwili wake ni wa zamani.

Sikutarajia kwamba ningelazimika kuamua mara ya pili. India, iliyokuwa ikizidiwa na wagonjwa wake, ilikuwa imezuia chanjo zisitoke nje, na tarehe ya dozi ya pili iliyoandikwa kwenye kadi zetu ikapita. Wizara ikasogeza muda kutoka wiki nane hadi 12. Kisha Juni zikaingia dozi 358,700 za msaada kutoka Denmark. Ni Denmark ileile. Aprili 14 ilikuwa imeachana kabisa na AstraZeneca katika mpango wake wa taifa, na sasa zile ilizokuwa nazo zimefika kwetu.

Mdogo wangu alikuwa amerudi kutoka safari. Alicheka hadi akaketi chini. “Mitumba!” alisema. “Hata sindano sasa ni mitumba.”

Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu lilikuwa limeniuma hata mimi. Bado linaniuma: nchi tajiri zilijikatia mafungu makubwa kuliko idadi ya watu wao, nasi tukapewa mabaki kwa wakati walioutaka wao. Lakini kuona uchungu ni jambo moja na kukosea hesabu ni jambo jingine. Denmark wakati ule wagonjwa wake walikuwa wamepungua na ilikuwa na chanjo nyingine ghalani, kwa hiyo aliyeiacha AstraZeneca kule alikuwa na nyingine ya kuchukua. Sisi tukiikataa tungechukua nini? Hatari ya dawa ilikuwa ileile kwao na kwetu. Kilichotofautiana ni kile kilichokuwa kikingoja upande wa pili. Nilijaribu kumweleza hivyo kwa utaratibu, kama darasani, na mama akanikatiza akiwa bado anachambua mchele.

“Mitumba ya Kongowea ndiyo niliyokulea nayo wewe,” alimwambia mwanawe. “Ulikwenda shule umependeza. Kesho tunakwenda.”

Tukaenda. Mdogo wangu hakuja. Novemba serikali ilipotangaza kwamba kuanzia Desemba 21 asiyechanjwa atanyimwa huduma za umma, alizidi kukaza, na Mahakama Kuu iliposimamisha amri ile alisherehekea kama mtu aliyeshinda kesi yake mwenyewe. Nilimwelewa. Amri ile ilirudisha mlangoni askari wa 2020. Alichanjwa mwaka uliofuata, dozi moja ya Johnson & Johnson, sijui wapi, bila kushurutishwa na mtu, na hakuniambia kilichombadilisha; niliiona kadi kwenye dirisha la lori.

Binti wa mama mdogo alitutembelea baadaye, wakati washiriki wa utafiti wao walipokuwa wameshaambiwa walikuwa katika kundi lipi. Kumbe miezi yote ile tuliyomwita shujaa wa korona, alikuwa amekingwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na ya korona alikuja kuipanga foleni kama sisi. Tulicheka sana. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama paka mwekundu aliyelala kizingitini, maana Mji wa Kale mbwa ni wachache mno, paka ndio wenye mji.

“Na paka akikuuma,” alimuuliza, “hiyo inakufaa?”

Binti akaniangalia mimi, mwenye kadi za kila mtu na majibu ya kila kitu. Nikasema sijui. Akasema ndiyo, inafaa, paka naye huupata ugonjwa uleule. Mama akajisogeza mbali kidogo na kizingiti, akaendelea na kahawa yake.